Usingizi wa Kwanza na wa Pili: Siku Moja ya Afisa wa Zamu Melini

Saa 5:15 usiku simu ya ukutani inalia, na baharia aliye zamu ananitajia saa, hali ya bahari na idadi ya meli zilizo karibu nasi. Namjibu kwa sentensi kamili, maana anayeitikia kwa mguno huenda ameitika huku bado amelala. Mimi ni afisa wa pili katika meli ya mizigo, na zamu yangu ni ya saa 6 hadi saa 10, usiku na mchana. Kwa hiyo siku yangu ina vipande viwili vya kazi na vipande viwili vya usingizi: mmoja mrefu baada ya zamu ya usiku, na mmoja mfupi jioni kabla ya kuitwa tena.

Saa 6 kasoro robo nimekwisha panda chumba cha usukani na kusimama gizani. Macho huhitaji kama nusu saa kuzoea giza vizuri, na akili nayo hukawia kutoka katika mang'amung'amu ya usingizi, hivyo sipokei zamu mpaka niwe nimeilinganisha rada na taa ninazoziona kwa macho yangu mwenyewe. Saa tatu za mwanzo hupita kwa utulivu. Saa ya mwisho ndiyo nzito, kwa sababu kuelekea alfajiri joto la mwili hushuka karibu na kiwango chake cha chini kabisa, na kope huelemewa hata kama mtu amelala vya kutosha. Kuna king'ora kinachodai kitufe kibonyezwe kila baada ya dakika chache, zisizozidi 12, kuthibitisha kwamba mlinzi yu macho. Saa hiyo mimi sikai kitini kabisa.

Saa 10 namkabidhi afisa mkuu zamu, na ifikapo saa 10:30 alfajiri pazia zito limefungwa na vizibo vimo masikioni. Mwanahistoria Roger Ekirch ameonyesha, katika makala ya mwaka 2001 na kitabu cha mwaka 2005, kwamba Ulaya ya kabla ya viwanda watu wengi walizungumzia usingizi wa kwanza na wa pili kama jambo la kawaida. Hufarijika kujua hivyo, ingawa wao walikuwa na giza la usiku mzima upande wao, nami hulala wakati jua linachomoza na wenzangu wanaanza kazi.

Leo usingizi wa kwanza, ambao ungenifikisha saa 4:30 asubuhi, unakatika saa 2. Kwanza ni nyundo: mabaharia wa sitaha wanabandua kutu mahali fulani juu yangu, na chuma cha meli husafirisha kila pigo mpaka kwenye mto ninaolalia. Ninajigeuza, ninavuta blanketi, na nimeanza kuzama tena pale simu inapolia. Kijana mmoja amejikata kiganja, na hapa melini sanduku la dawa liko chini ya ulinzi wangu. Nashuka. Nakandamiza jeraha mpaka damu itulie, naliosha, namwomba akunje kila kidole na kuniambia kama anahisi ninapomgusa, naulizia chanjo yake ya pepopunda, nafunga bandeji, namwarifu nahodha, kisha naanza kuandika ripoti ya ajali yenye kurasa ambazo leo zinaonekana hazina mwisho. Kijana anaomba radhi kwa kuniamsha, nami namwambia kwa dhati kwamba hana kosa lolote. Kinachoniumiza ni neno la fundi mmoja wa mitambo aliyekuja kuchukua vidonge vya kichwa: "Pole, afisa, lakini si utalala tena jioni?"

Amesema kwa wema, na hata jamaa zangu wa nchi kavu husema hivyohivyo, wakidhani kwamba anayelala mara mbili ana usingizi wa akiba. Mkataba wa kimataifa unaosimamia zamu za mabaharia, wa mwaka 1978, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2010, unataka mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24. Unaruhusu yagawanywe, lakini si zaidi ya vipande viwili, na kimoja kisipungue saa 6. Mimi nimepata saa tatu na nusu. Nikirudi kitandani asubuhi hii hicho kitakuwa kipande kingine, na vipande vitatu havikubaliki katika hesabu.

Nimejaribu kulala hata hivyo. Mwili umekataa.

Zamu ya mchana naipitisha kwa miguu, nikitembea kutoka ubavu mmoja wa chumba hadi mwingine, nikirudia kwa sauti kila namba ninayoisoma kwenye ramani, kwa kuwa uchovu wa namna hii hukufanya uamini umesoma ulichokitarajia. Sikumbuki vizuri ilikuwa saa ngapi nahodha alipoingia. Nilimwonyesha fomu yangu ya saa za mapumziko, nikiwa nimeandika saa 10:30 hadi saa 2 na si dakika moja zaidi. Aliitazama kwa muda, akasema masahihisho ya ramani yangoje kesho, na kwamba nikishakabidhi zamu nisionekane popote mpaka saa 5 usiku.

Saa 10:30 jioni nimelala. Mpaka saa 5 usiku nitakuwa nimepata saa sita na nusu za mapumziko, ambazo pamoja na zile tatu na nusu za alfajiri zinatimia 10 kamili. Nyundo zimenyamaza, nasikia serahangi, msimamizi wa mabaharia wa sitaha, akipita ujiani, akiwaambia vijana wake wapunguze sauti kwa sababu afisa wa pili yuko katika mapumziko.