Begi jepesi la kambi Kanda ya Ziwa: pa kutoa pesa na pa kubana

Orodha nyingi za vifaa vya kambi zinazozunguka mtandaoni zimeandikwa na watu wanaolala kwenye theluji. Mtu wa Mwanza akizifuata neno kwa neno, halafu akapanda feri kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, anajikuta amebeba kilo tatu za kupambana na baridi ambayo haipo, na hana cha kumzuia mbu aliyepo. Mwanza iko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari. Hata Juni na Julai, usiku ukipoa kweli, joto linashuka hadi nyuzi 15 au 16 tu. Maadui zako huku ni mbu, mvua ya ghafla, mwamba usioingia kigingi na maji yenye kichocho. Pesa iende huko.

Kabla ya kununua chochote, tafuta mizani. Ile ya kuning'iniza ya kupimia mizigo ya safari inatosha. Pima kila kitu ulichonacho, uandike. Begi la mtu mmoja, bila maji wala chakula, lisizidi kilo 7. Mkigawana hema wawili, kilo 5 na nusu inawezekana kabisa. Halafu kila unapotamani kifaa kipya, jiulize unalipa shilingi ngapi kwa kila gramu unayopunguza. Tuseme hema lako lina kilo 3.8 na liligharimu 150,000, na jepesi la kilo 2.1 linauzwa 490,000. Unaongeza 340,000 kupunguza gramu 1,700, yaani shilingi 200 kwa gramu. Sasa chukua sufuria ya titani: inakupunguzia gramu 70 kwa nyongeza ya 100,000, zaidi ya shilingi 1,400 kwa gramu. Na kuacha nyumbani mfuko wa kulalia wa kilo 1.3 hakugharimu hata senti. Bei hizo ni za mfano, lakini hesabu ndiyo hiyo.

Hema ndilo la kukaa nalo muda mrefu dukani. Kwanza liwe la kusimama lenyewe kwa fito zake, bila kutegemea vigingi. Mwambao wa Mwanza, Ukerewe na visiwa vingi vya karibu ni mawe matupu au udongo wa sentimita chache juu ya mwamba, na ufukwe ukiwa wa mchanga, vigingi vyembamba vinang'oka upepo ukikaza. Hema linaloshikwa na fimbo ya kutembelea na vigingi sita ni jepesi kweli, na wauzaji wanalisifia, ila juu ya jabali halisimami.

Pili, ndani pawe pa wavu mtupu kuanzia kifuani kwenda juu, na kifuniko cha mvua kiwe kipande cha pekee kinachofika karibu na chini. Yale ya kurusha yakafunguka yenyewe mengi yana ngozi moja na kofia ndogo juu. Jasho lako na unyevu wa ziwa vinaganda ndani, asubuhi umelowa bila mvua kunyesha. Wavu uwe wa matundu madogo kuliko ya chandarua cha kawaida, kwa sababu msimu wa wadudu wa ziwani, wale wanaoinuka juu ya maji kwa mawingu, tundu pana halikufai.

Tatu, soma namba za kitambaa. Uwezo wa kuzuia maji huandikwa kwa milimita: 1,500 inatosha kwa kifuniko, sakafu iwe 3,000 kwenda juu, kwa sababu goti lako linasukuma maji kwa nguvu kuliko tone la mvua. Ukikuta nailoni na poliesta zina bei moja, chukua poliesta. Nailoni ikilowa inalegea, na saa nane za usiku kifuniko kinakuwa kimelala juu ya wavu. Poliesta pia huvumilia jua zaidi, na sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Hema lililoachwa limesimama juani mchana kutwa linachakaa haraka, liwe la bei gani.

Nne, fito. Za faiba ni nzito na zikichoka zinapasuka kwa urefu, vibanzi vinaingia kidoleni. Za alumini hupinda kabla ya kuvunjika, na zilizopinda unaweza kuzivusha usiku kwa kipande cha bomba la alumini cha sentimita 10 kilichovalishwa juu ya jeraha na kufungwa kwa utepe wa gundi pande zote mbili. Kipande hicho kina gramu 15. Kibebe.

Ukiwa mtu wa mitumba, kwenye soko la Mlango Mmoja, Mwanza, huwa panatokea mahema na mabegi mazuri kwenye marobota, lakini usinunue hema lililokunjwa. Muuzaji atakuita bosi wangu, atakuapia kwamba ni original. Mwombe mlisimamishe palepale. Hesabu fito, vuta mpira wa ndani uone kama bado unarudi, funga na ufungue zipu mara kadhaa. Kitelezi kikipita na meno yakaachia nyuma yake, mara nyingi kilichochoka ni kitelezi, na fundi mabegi atakibana kwa koleo au kukibadilisha. Kisha ingiza pua ndani. Harufu chungu kama ya matapishi, pamoja na kitambaa kinachonata vidoleni, maana yake utando wa kuzuia maji umeoza kwa hema kuhifadhiwa na unyevu. Hilo halitengenezeki. Mwisho kinga kitambaa cha kifuniko kiganjani, mwagia maji ya glasi, usugue kwa chini. Kikitoka jasho upande wa pili, rudisha. Mishono nayo iwe na utepe upande wa ndani.

Kufunga hema juu ya jabali kunahitaji kamba ya milimita 3 na mawe mawili kwa kila kona. Maduka ya zana za uvuvi yana kamba ya nailoni kwa bei ambayo duka la watalii haliwezi kuifikia. Mita 15 zinatosha. Zungusha kamba kwenye jiwe dogo la ukubwa wa ngumi, liweke chini kama mita moja kutoka kwenye kona, halafu mbele yake, upande wa hema, weka jiwe kubwa juu ya kamba. Upepo ukivuta, dogo linajikaza nyuma ya kubwa. Ukifunga kamba moja kwa moja kwenye jiwe kubwa, chembe za mwamba zinaisaga mpaka alfajiri inakatika. Mchana upepo unatoka ziwani, usiku unageuka kutoka nchi kavu, kwa hiyo funga kona zote nne hata kama jioni kumetulia. Chini ya sakafu tandika nailoni ngumu ya kununua kwa mita, uikate iwe ndogo kuliko sakafu sentimita 5 kila upande. Ikitokeza nje inakinga mvua na kuipeleka chini yako.

Na hema lisiwe karibu na maji. Viboko hutoka usiku kula majani na hupita njia zao zilezile. Ukiona mfereji uliokanyagwa kutoka ziwani kwenda kwenye nyasi, hama. Mamba nao wapo. Waulize wavuvi wa pale, hawakosei. Ndani ya hifadhi za taifa kama Saanane na Rubondo unalipia na unalala palipotengwa, si unapopenda.

Kwenye malazi bana pesa. Shuka jepesi lililoshonwa kuwa mfuko, pamoja na blanketi jembamba la manyoya, vinatosha karibu mwaka mzima. Fundi cherehani atakushonea mfuko huo kwa shuka ulilonalo. Ukipanga Kilimanjaro siku moja, kodi mfuko wa baridi Moshi, usiununue kwa ajili ya ufukwe wa Igombe hapa Mwanza. Godoro lakini lisikosekane, maana mwamba hausamehe nyonga. La povu lenye vyumba vidogo vya hewa vilivyofungwa lina gramu 400 hivi, halitoboki, na unalikalia mchana. Epuka sponji ya kawaida: inakunywa maji. La kupuliza ni raha zaidi na linakunjika dogo, ila miiba ya migunga inalitafuta. Sulusheni ya kuzibia tyubu za baiskeli haishiki vizuri kwenye kitambaa chake. Nunua gundi ya poliyurethani. Na usiliache limejaa upepo juani. Hewa inapanuka, kuta za ndani zinaachia, na unabaki na kibonge katikati ya mgongo ambacho hakuna fundi wa kukitoa.

Maji ndiyo sehemu ambayo watu hubana pesa vibaya. Usiingie ziwani kuchota. Kichocho kinapenya kwenye ngozi, hakisubiri unywe. Simama juu ya jabali lililo juu ya maji yenye kina, mbali na matete na konokono, tupa kidumu cha lita 3 kilichofungwa kamba, kikijaa vuta. Chota asubuhi mapema, kwa sababu viini vya kichocho hutoka kwenye konokono kwa wingi jua likishapanda hadi mchana. Hilo linapunguza hatari, haliondoi.

Kisha chuja kwa kitambaa safi, acha yatulie, ndipo utumie chujio la nyuzi lenye matundu ya mikroni 0.1. Lina gramu chini ya 100, linazuia bakteria, amiba na viini vya kichocho. Virusi linaviachia, kwa hiyo karibu na mwalo (wanaposhushia samaki) au kijiji malizia kwa klorini na usubiri dakika 30. Soma pakiti kwanza: vidonge vingi vya madukani vimepimwa kwa lita 20, na kidonge kizima kwenye chupa ya lita moja hakinyweki. Klorini ya maji, au vidonge vidogo vya lita moja, ni rahisi zaidi kupima. Bila klorini, chemsha.

Chujio linaziba kwa tope la ziwa, na wengi hulitupa wakidhani limekufa. Lisukume kinyumenyume kwa bomba la sindano lenye maji safi, kwa nguvu, kila jioni. Likikauka miezi kadhaa, loweka kwanza. Likianguka kwenye mwamba kisha ghafla likaanza kupitisha maji kwa kasi isiyo ya kawaida, nyuzi zimepasuka, usiliamini tena. Kuna jambo moja ambalo si chujio, si klorini, si moto unaoliweza: maji ya kijani kibichi yenye utando juu, yanayotokea kwenye ghuba zilizotulia. Mwani wa aina hiyo unaweza kuacha sumu ndani ya maji. Hama pa kuchotea, au beba maji kutoka mjini, lita 3 kwa mtu kwa siku.

Jikoni hatuhitaji kuagiza kitu. Sufuria yetu ya alumini isiyo na mikono ni nyembamba, nyepesi, rahisi, na inapangana na nyenzake. Chukua ya lita moja na nusu, kifuniko kiwe karatasi ya alumini, na koleo ndogo ya kushikia. Jiko la spiriti lililotengenezwa kwa kopo la soda lina gramu zisizofika 20. Mililita 30 zinachemsha nusu lita ukikinga upepo. Kwa usiku mbili beba mililita 250. Tahadhari ni moja tu, nayo ni kubwa: mwali wa spiriti hauonekani juani. Usiongeze spiriti mpaka uguse kopo ukute limepoa. Mikebe midogo ya gesi ya kambi ni mizuri ukiipata, lakini ukiambiwa itajazwa kutoka mtungi wa nyumbani, kataa. Bati lake halikutengenezwa kwa kazi hiyo, na likijazwa kupita kipimo linapasuka.

Chakula chepesi Wasukuma walishakitatua. Matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa kwanza kisha vikakaushwa, unatafuna hivyohivyo njiani. Michembe, iliyokaushwa ikiwa mibichi, inakula spiriti nyingi jikoni; iloweke tangu asubuhi kwenye chupa ya mdomo mpana na jioni itaiva haraka. Dagaa wakavu wa soko la Kirumba, karanga za kusaga na chumvi vinamaliza kazi. Pakiti za chakula cha wapanda milima kutoka nje ni bei ya kuku mzima, na ladha yenyewe ni ya kuvumilia.

Taa ya kichwani ya lumeni 200 inatosha. Iwe na mwanga mwekundu, kwani mweupe unaita wadudu wote wa ziwani mlangoni. Pawabenki ya mAh 10,000 inaijaza simu ya mAh 5,000 mara moja na nusu hivi, si mbili, kwa kuwa umeme mwingine unapotea njiani. Paneli ndogo ya sola kwa safari ya usiku mbili ni uzito wa bure.

Begi la lita 45 linatosha. Litazame mkanda wa kiunoni: ukae juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Kifuniko cha mvua cha nje kinapeperushwa na hakizuii maji ya mtumbwini, yanayotoka chini. Weka mfuko mgumu wa nailoni ndani ya begi, uusokote mdomo mara tatu, ufunge. Kwenye mtumbwi begi likae juu ya ubao, mikanda ikiwa wazi, na jaketi la kuokolea livaliwe mwilini. Wengi wanalikalia.

Ukirudi, kung'uta mchanga kabla ya kugusa zipu, kwa sababu mchanga ndio unaoua vitelezi. Futa hema kwa maji matupu, lianike kivulini mpaka mishono ikauke kabisa, kisha lisukume ovyo kwenye mfuko mpana wa pamba badala ya kulikunja kwenye mistari ileile.