Republican na ishu ya mimba, sio wote lao moja
Jana kijiweni Majengo hapa Dodoma jamaa kakomaa eti watu wa chama cha Republican cha Marekani wote wanaimba wimbo mmoja kwenye ishu ya kutoa mimba, nikamwambia kaka hapo umechemka, tangu Mahakama ya Juu yao ifute ile hukumu ya Roe ya 1973 iliyokuwa inalinda haki ya kutoa mimba nchi nzima, mwezi wa 6 mwaka 2022, wanavutana wenyewe kwa wenyewe kinoma. Mwezi wa 8 tu Kansas, jimbo lao kabisa, wapiga kura wakagoma kuiondoa haki hiyo kwenye katiba ya jimbo. Mwezi uliofuata seneta wao Lindsey Graham kaja na muswada wa kuzuia kutoa mimba nchi nzima kuanzia wiki 15 za mimba, wenzake kibao wakamruka, mara majimbo yaamue mara hivi. Maseneta wao wengine, Susan Collins na Lisa Murkowski, ndo wanaitetea hiyo haki kabisa. 2024 Trump naye kasema majimbo yaamue (mi naona kashtuka kura zinavuja), Pence aliyekuwa makamu wake akamjia juu.

Mzee muuza kahawa akauliza, "sasa wanakaaje chama kimoja?" Dogo wa bodaboda akadakia, "mzee, kwenye kodi na bunduki wanaelewana." Nilicheka nusu nimwage kahawa 😂