Mzee Alipoomba Asomewe Mstari wa Mwisho

Mpwa wangu alinipigia juzi usiku. Shikamoo, marahaba, kisha shida yake: chama chao cha wanafunzi wa sheria kinapokea wageni kutoka Ulaya, Alhamisi wanawapeleka Bagamoyo kusikiliza mashauri, naye kapewa kazi ya kuandaa jedwali la maneno. "Mjomba, wazee wa baraza, wale raia wanaokaa na hakimu mahakama ya mwanzo, kwa Kiingereza niwaiteje?"

Nilinyamaza kidogo. Jedwali kama hilo niliwahi kuliandaa mimi, nikiwa mwaka wa tatu, kwa ziara ya mji huohuo. Lilikuwa na maneno kama arobaini hivi, na neno hilohilo ndilo nililolikosea.

Wageni wetu walikuwa wanane, Wajerumani, wanachama wa ELSA, chama cha wanafunzi wa sheria wa Ulaya. Chama chao kilianzishwa Vienna mwaka 1981 na wanafunzi wa sheria wa Austria, Hungaria, Polandi na Ujerumani Magharibi. Ulaya wakati huo ilikuwa imekatwa pande mbili, na vijana wa pande zote mbili wakakaa meza moja wakakubaliana kutembeleana na kujifunza sheria za wenzao. Nililipenda jambo hilo tangu siku nilipolisikia, na ndiyo sababu nilijitolea kushughulikia siku yao ya Bagamoyo kuanzia barua mpaka tafsiri.

Barua iliandikwa wiki tatu kabla, kwa hakimu mfawidhi, yaani msimamizi wa mahakama, kupitia kwa mkuu wa kitivo. Ndani yake mna majina ya wageni kama yalivyo kwenye pasipoti, uraia, tarehe, saa ya kufika, na sentensi moja inayosema wazi kwamba hakuna atakayepiga picha wala kurekodi. Nakala ya pili unaipeleka mwenyewe igongwe muhuri wa kupokelewa, na hiyo ndiyo unayotembea nayo siku ya safari, kwa sababu askari wa mlangoni hajui habari za barua iliyomo kwenye jalada ofisini. Siku moja kabla unampigia karani akusomee orodha ya mashauri. Uliza lipi limefika kwenye hukumu au lina mashahidi waliokwisha kuitwa. Usipouliza, mtasafiri kilomita 70 kutoka Dar es Salaam, mtasimama hakimu akiingia, mtakaa, na kila shauri litaahirishwa kwa sababu shahidi hakuja. Nimeona ziara zikiisha hivyo saa nne asubuhi.

Tafsiri ni ya kunong'ona, mkalimani mmoja kwa wageni wawili. Akiwa na watatu, sauti inapanda bila yeye kujua, na hakimu anainua macho. Mnakaa benchi la nyuma karibu na mlango, mnapokezana kila nusu saa, kwani baada ya hapo mkalimani huanza kuruka maneno. Wakalimani wetu wote walikuwa na jedwali langu mkononi.

Humo niliandika kwamba wazee wa baraza ni washauri. Sikulibuni. Darasani tulikuwa tumesoma sana kuhusu Mahakama Kuu, ambako asesa, yaani wazee wa baraza wa huko, walikaa na jaji kwenye kesi za mauaji, wakatoa maoni yao, na jaji hakufungwa na maoni hayo. Mahakama ya mwanzo, ile ya ngazi ya chini kabisa, tuliipitia haraka, kwa vile mawakili hawakuruhusiwa kusimama humo, na kila mmoja wetu alitaka kuwa wakili. Kumbe sheria ya mahakama za mahakimu ilikuwa imewapa wazee wa baraza wa mahakama ya mwanzo kitu kingine kabisa: hakimu alikaa nao wasiopungua wawili, wakitofautiana walipiga kura, na wengi ndio walioshinda.

Shauri lilikuwa la mbao za kuundia dau la baharini. Mdai alidai shilingi 480,000 zilizobaki. Mdaiwa akasema baadhi ya mbao zilikuja zimeliwa na wadudu. Ushahidi ulikuwa umekwisha kusikilizwa, imebaki hukumu. Hakimu na wazee wake, bwana mmoja wa kanzu na kofia na bibi mmoja wa baibui, waliingia chemba, wakakaa huko karibu saa nzima. Mgeni aliyekuwa kushoto kwangu aliniuliza wanafanya nini. Nikamnong'oneza: wanamshauri.

Walipotoka, hakimu alisoma taratibu. Akafika pahali akasema kwamba yeye peke yake angempa mdai fedha zote, lakini wazee wote wawili wameona thamani ya mbao mbovu ikatwe, na kwa hiyo uamuzi wa mahakama ni huo wa wazee. Nilitafsiri nusu ya sentensi nikakwama. Kisha hakimu akasaini, akalisukuma jalada upande wa kulia.

Yule mzee hakuchukua kalamu. Aliinama karibu na karatasi, miwani mkononi, akasema, "Nisomee hapo mwisho." Hakimu akamsomea mstari wa mwisho, kiasi na tarehe ya kulipa. Mzee akaitikia kwa kichwa, akavaa miwani, akashika kalamu kama mtu anayeshika sindano, akaandika jina lake herufi kwa herufi. Chumba kizima kilimngoja. Nje pikipiki ilipita, ikanyamaza, naye bado anaandika. Ndipo bibi akasaini chini yake, haraka, mara moja.

Mgeni wangu alikuwa amelifuta lile neno la washauri kwenye daftari lake. Tulipotoka alinieleza kwamba kwao, mahakama ya chini inaposikiliza jinai fulani, hakimu hukaa na raia wawili wanaoitwa Schöffen, na kura ya kila raia ni sawa na ya hakimu. "Lakini hukumu yetu inasainiwa na hakimu tu," alisema. "Sahihi ya raia haihitajiki." Akarudia mara mbili kwamba mzee aliomba asomewe kwanza.

Mchana tulikwenda Boma, tukafika kwenye magofu ya Kaole, tukala. Ndani ya basi niliwaeleza wote kosa langu, ila watatu walikuwa wamelala usingizi. Ripoti yao ilipokuja baadaye kwa barua pepe, aya moja ilisema wazee wa baraza ni waamuzi, na nyingine, iliyoandikwa na mkono mwingine, ilisema ni washauri. Niliandika kuomba warekebishe. Uongozi wa kundi lao ulikuwa umekwisha kubadilika, na barua yangu haikujibiwa. Sijui nani ameisoma ripoti ile akaamini aya ipi.

Mpwa wangu nilimwambia aanze na sheria inavyosomeka leo, si nilivyosoma mimi: tangu 2021, kwa mfano, wakili anaweza kusimama mahakama ya mwanzo pale anapokaa hakimu mkazi, wa daraja la juu kuliko hakimu wa kawaida wa mahakama hiyo. Halafu asitafute neno moja la Kiingereza. Aliache jina kwa Kiswahili, na pembeni aeleze wazee hao wanafanya nini hasa: wangapi, wanapiga kura au hawapigi, wanasaini au hawasaini. Akasema safu ya jedwali lake ni nyembamba. Nikamwambia aipanue, na kwamba ampigie karani Jumatano kabla ya saa nane.