Plagi ya silinda ya tatu

Dalili ya kwanza ilikuwa mlio. Nilikuwa nikipandisha mlima na mzigo wa mchanga, na lori langu la zamani la petroli likaanza kutoa sauti kama ya mtu anayesonya mfululizo, ikienda sambamba na kasi ya injini, nami nikadhani gasketi ya eksozi imeungua. Nilipofika nikafungua boneti, nikaiacha injini ingurume taratibu, kisha nikadondosha mafuta kidogo kuzunguka kila plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya silinda. Kwenye silinda ya tatu mafuta yalichemka mapovu. Injini ilipopoa niliitia soketi ile plagi. Ilizunguka bure, haikazi wala hailegei, na nilipoivuta ilitoka mkononi ikiwa imeviringiwa na uzi mwembamba wa alumini unaong'aa, kama ganda la chungwa lililomenywa bila kukatika.

Ganda lile ndilo lililokuwa nyuzi za hedi, ile mifereji ya kuzunguka inayoishika plagi kwenye kifuniko cha juu cha silinda.

Mimi ndiye niliyeziharibu, na sina fundi wa kumlaumu. Miaka kadhaa nyuma nilibadilisha plagi zote 6 jioni moja kwa haraka, na ile ya tatu, iliyojificha chini ya bomba la hewa, niliianzisha kwa spana ya racheti badala ya vidole. Plagi ni chuma na hedi ni alumini, kwa hiyo ikianza kuingia upande haikwami. Inajichongea njia yake yenyewe, na mkono ulio kwenye spana ndefu hauwezi kutofautisha ugumu wa plagi inayokaza na ugumu wa plagi inayokula nyuzi. Injini za zamani zaidi zenye hedi za chuma cha kusubu zilivumilia uzembe huo. Alumini haisamehe, ingawa pia haikupi jibu siku hiyohiyo: nyuzi zilizobaki zilishikilia kwa muda mrefu kabla ya kukata tamaa.

Ni vizuri kujua zilikuwa zinashikilia nini. Plagi ya lori hili ina kipenyo cha milimita 14, na nyuzi zake zimeachana kwa milimita 1.25 katika urefu wa milimita 19, yaani mizunguko kama 15. Tundu la kipenyo hicho lina eneo la sentimita mraba 1.5 hivi. Mlipuko ukifikia shinikizo la bar 50, jambo la kawaida injini inapobeba mzigo, plagi inasukumwa nje kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 77, sawa na mtu mzima. Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, mtu huyo anarukia plagi ile mara 20 kila sekunde. Mizunguko 15 inaigawana kazi hiyo bila shida. Ikibaki mitatu, siku moja plagi itaruka na kofia yake.

Si kila nyuzi zilizojeruhiwa zinahitaji upasuaji. Ikiwa zilizoharibika ni zile mbili tatu za juu peke yake, kuna tapu (chombo cha kuchonga nyuzi) ya aina ya pekee ambayo huingizwa tunduni ikiwa imejikunja, hutanuliwa ikiwa ndani, kisha huzungushwa kutoka nje huku ikisafisha nyuzi kuanzia chini kuja juu. Faida yake ni kwamba inaanzia kwenye nyuzi nzima, kwa hiyo haiwezi kupotea njia, na chenga za alumini inazichota kuzileta nje badala ya kuzisukumia kwenye silinda. Kwangu ilikuwa imeshachelewa. Nilipomulika tundu kwa tochi niliona ukuta laini karibu hadi chini.

Hapo zinabaki njia tatu. Ya kwanza ni kuivua hedi na kuipeleka karakana ya mitambo, ambayo ndiyo njia safi kuliko zote, lakini pia ndiyo yenye kazi nyingi, kwa sababu kuvua hedi ya injini kuukuu ni kukaribisha bolti zilizokatika na gasketi mpya. Ya pili ni kutia springi ya waya wa chuma cha pua, ambayo huingia kwenye tundu lililopanuliwa na kuwa nyuzi mpya. Ya tatu ni kutia bushi nzima ya chuma yenye nyuzi nje na ndani, na ukingo mdogo juu unaoizuia isizame.

Nilianza na springi, kwa kuwa ilipatikana kirahisi, na kwa bolti za kawaida sijaona dawa iliyo bora kuliko hiyo. Ilifanya kazi vizuri kwa miezi 5. Siku nilipofungua plagi ili niikague, springi nzima ilitoka nayo, imeing'ang'ania kama mwiba kwenye soksi. Tangu hapo msimamo wangu ni kwamba springi ni ya bolti inayofungwa na kusahauliwa; plagi hufunguliwa tena na tena, hupata joto na kupoa, hushika masizi kwenye ncha, na kila ifunguliwapo hujaribu kuondoka na waya ule. Isitoshe, springi haina kikalio, yaani uso ambao plagi hukalia. Plagi inayokalia washa (pete bapa ya chuma) bado inaweza kutumia uso wa hedi, lakini ile yenye kikalio cha mteremko hutegemea mdomo wa tundu uliochongwa sawasawa, na ukishalipanua tundu ili upate nafasi ya waya, mdomo huo ndio wa kwanza kuumia.

Basi nikarudi na bushi. Kazi yenyewe ilinichukua nusu siku, na sehemu kubwa ya nusu siku hiyo haikuwa kuchonga bali kujiandaa. Kwanza niliondoa betri na plagi zote ili injini izunguke kwa mkono. Kisha nikaizungusha hadi silinda ya tatu ikawa katika kupanda kwa mgandamizo, vali zote mbili zimefunga, pistoni ikiwa imebaki chini kiasi cha nusu ya njia yake. Hili halina mjadala: pistoni ikiwa juu, ncha ya tapu itaigonga, vali ikiwa wazi, chenga zitaingia chini ya kikalio chake na utakuwa umetibu jino na kuvunja taya. Nilipima kina kwa kijiti cha plastiki, nikaweka alama ya rangi kwenye tapu.

Tapu ya kazi hii ina sehemu mbili. Ncha yake ina kipenyo cha tundu la zamani, hivyo hufuata mabaki ya nyuzi na kuishika tapu wima, na sehemu ya juu yake ndiyo inayochonga nyuzi pana za bushi. Nilijaza mifereji yake grisi nzito, ile inayonata, ili chenga zinaswe. Nilizungusha nusu mzunguko mbele, robo nyuma, nusu mbele, robo nyuma, na kila baada ya mizunguko miwili niliitoa yote, nikaifuta na kuipaka grisi upya. Ni kazi ya kuchosha, na hapo ndipo watu huharibu. Grisi iliyokwisha kushiba chenga haishiki nyingine, na ukiendelea kwa sababu tu tapu inakwenda vizuri, zile zinazofuata zote zinadondoka juu ya pistoni. Alumini inapochongwa vizuri hutoa sauti kavu ya kukwaruza, na mkono unahisi mkato usiobadilika. Siku ile ulipobadilika ghafla ukawa mgumu upande mmoja, nilisimama, nikagundua kwamba mpini ulikuwa umegusa bomba la maji na kuisukuma tapu ikae mshazari.

Baada ya nyuzi kuna kikalio. Chombo kingine huchonga kishimo kifupi kwenye mdomo wa tundu ili ukingo wa bushi ukae sawa na uso wa hedi. Ukingo ukibaki umechomoza hata milimita moja, plagi nzima inainuka kwa kiasi hichohicho, ncha yake inarudi ndani ya tundu, na nyuzi za chini za bushi zinabaki uchi mbele ya moto zikikusanya masizi. Kinyume chake, plagi ikizama kupita kiasi, nyuzi zake zinaingia kwenye chumba cha mlipuko, zinakuwa nyekundu kwa joto na zinaweza kuiwasha petroli kabla ya cheche.

Nilisafisha tundu kwa kitambaa kilicholowa kiyeyusho hadi kilipotoka cheupe, nikafyonza silinda kwa mpira mwembamba niliouunganisha na mashine ya kuvuta vumbi, kisha nikachungulia kwa kamera ndogo ya waya. Kulikuwa na chenga mbili zimelala juu ya pistoni. Nilizitoa kwa kijiti chenye grisi nchani. Nilipaka nyuzi za nje za bushi tone la gundi ya nyuzi inayostahimili joto kali, si ile ya kawaida, nikaiingiza kwa chombo chake kilichopakwa mafuta. Chombo hicho kikifika chini hukutana na nyuzi ambazo hazijakamilika, kinazitanua na kuzikandamiza ndani ya alumini; mkono unahisi ugumu, kisha ghafla unalegea. Ulegevu huo humtisha asiyeujua, lakini ndiyo alama kwamba bushi imejifunga.

Gundi niliiachia usiku mzima. Asubuhi, kabla ya kurudisha plagi yoyote, niliufungia mbali mfumo wa petroli na wa moto, nikazungusha injini kwa stata kwa sekunde chache ili ipulize kilichobaki, uso wangu ukiwa mbali na matundu. Plagi mpya niliianzisha kwa kipande cha mpira wa petroli nilichokichomeka kichwani mwake, kwa sababu mpira ukikutana na nyuzi zilizopishana huteleza wenyewe na hauwezi kuzilazimisha. Ilishuka hadi chini bila kuguswa na chuma. Nikaikaza kwa spana ya kupimia nguvu hadi Nm (nyutoni-mita) 25, hedi ikiwa baridi, kwani hedi ya moto inapopoa huibana plagi kuliko ulivyokusudia. Asiye na spana hiyo, akiwa na plagi mpya ya washa, aikaze kwa vidole mpaka iguse, kisha aongeze nusu mzunguko au theluthi mbili, si zaidi. Yenye kikalio cha mteremko inatosha sehemu moja ya kumi na sita ya mzunguko, na wengi huipita kwa mbali.

Grisi ya kuzuia kukwama sikuipaka. Plagi nyingi za siku hizi zimepakwa nikeli tayari, na ukiongeza utelezi kwenye nyuzi, kipimo kilekile cha spana kinakaza kupita kiasi bila wewe kujua.

Injini iliwaka bila kukohoa. Niliirudia silinda ya tatu baada ya kilomita 500, nikiwa na wasiwasi ambao springi iliniachia. Plagi ililegea kwa mlio mdogo, ikafunguka kwa vidole, nyuzi zake zikiwa tupu na ncha yake ikiwa na rangi ya kahawia isiyokolea kama ndugu zake watano. Nilipochungulia kwa tochi, ukingo wa bushi ulikuwa palepale, sawa na uso wa hedi.