Mlizi huanguka usiku tu

Jumapili, usiku.

Leo nimefuta kurasa nne za hadithi ninayomwandikia binti yangu. Ni zile za Mlizi, maporomoko ya maji katika nchi niliyoibuni, ambako ndege husema na milima huhama. Nilizipenda mno. Maji niliyatia rangi ya zambarau, nikayapa upinde wa mvua usiofifia. Niliandika kwamba ukidondosha jani kule juu alfajiri, litafika chini magharibi.

Binti yangu, wa miaka tisa, alisikiliza hadi mwisho. "Mama, sasa hayo maji yanatoka wapi? Huko juu kuna nani?"

Sikuwa na jibu. Mtoto aliyekulia kwenye mgao wa maji, anayejua mtungi upi ni wa kunywa na upi ni wa choo, humwambii habari ya maji yasiyo na kwao.

Basi baada ya kanisa tukaenda msitu wa Karura, hapa Nairobi. Maporomoko ya pale si marefu, yapata mita 15, na kwa mvua ya juzi yalikuwa na rangi ya chai iliyokolea. Povu jeupe limekwama kwenye mawe. Manyunyu yalimtua binti yangu kwenye kope, naye hakuyapangusa. Tuliliona jani moja likizunguka nyuma ya jiwe, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, likasita ukingoni, likaenda. Lilifika chini kabla sijamaliza kusema "tazama".

Tukirudi getini nikamsimulia Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alivyopigwa kichwani hadi damu ikamtoka, Januari 1999, alipokuja kupanda mti hapa wakati sehemu za msitu zilikuwa zimegawiwa wajenzi. Binti yangu akatembea kimya kitambo kirefu.

"Basi huko juu kwa Mlizi kuna mtu anayefunga maji," akasema. "Na kuna mama anayepanda miti."

Nimeandika upya tangu saa mbili. Mlizi sasa huanguka usiku tu, kwa sababu mchana wenye ngome ya mlimani huuziba mto. Wa bondeni hulala na vibuyu mlangoni. Zambarau nimeiondoa. Upinde nimeuacha, alinisihi sana, na kwa kweli upinde wa mwezi upo: kule kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, huonekana mbalamwezi ikiwa pevu. Yule mama bado sijamwandika vizuri. Kila nikimpa maneno anakuwa sanamu. Nadhani nitaanza na mikono yake, na udongo kwenye kucha.

Saa nane na robo. Mfereji wa jikoni umekohoa mara mbili, kisha hewa, kisha maji. Nimeinuka kutega mtungi wa kwanza. Sauti ya usingizi imetoka chumbani:

"Mama, Mlizi ameanza?"

"Ameanza. Lala."

Hajalala. Amekuja na ndoo yake ndogo.