Nilivyojinadi nikiwa mchezaji wa tenisi Mombasa

Nyumbani kwetu nimekulia kwenye methali moja: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mama hakuitoa kwa ubaya. Aliniona kutwa nikijipiga picha na raketi, akaona haya kwa niaba yangu. Lakini tenisi ya huku kwetu haijiuzi. Unaweza kushinda mechi ya seti tatu saa nane mchana, jua la utosi, na watazamaji wote wakawa kocha, kijana muokota mipira na paka wa klabu.

Julai 2022 Mkenya Angella Okutoyi alipotwaa taji la wasichana la Wimbledon, la wachezaji wawili wawili, pamoja na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, mtaani kwetu ghafla kila mtu akawa anajua tenisi. Mimi nilikuwa Kidato cha Pili, miaka 16. Nikaona mlango umefunguka, nikaukimbilia vibaya. Nilichapisha karatasi ya rangi yenye maneno makubwa: "Okutoyi wa Mombasa", "kipaji cha kipekee", "nyota wa kesho". Picha nne, moja ya machweo ufukweni Nyali, raketi begani, uso umegeukia bahari. Nikaipeleka Kongowea kwa mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, rafiki wa marehemu babu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Akavaa miwani, akaisoma mpaka mwisho, akaigeuza kuangalia kama nyuma kuna zaidi. "Hapa sijaona ulichoshinda," akasema. "Wala sijaona pesa unazoomba ni za nini. Na huyu Okutoyi, anajua kwamba umechukua jina lake?" Wateja waliokuwa wakisubiri misumari wakacheka. Nilitoka pale masikio yakiwaka moto.

Karatasi ya pili haikuwa na rangi. Niliorodhesha mechi 14 za mwaka ule, tisa nilizoshinda na tano nilizofungwa, pamoja na matokeo ya kila seti. Chini yake nikaweka gharama: treni ya Nairobi kwenda na kurudi, ada ya mashindano, kufunga nyuzi raketi mbili, malazi kwa shangazi, bure. Mwisho nikaandika kwamba kila Jumapili ya mashindano nitamtumia ujumbe, nishinde nisishinde. Mzee alitoa nusu ya pesa papo hapo, na kwa nusu iliyobaki akanielekeza kwa mwenye duka la dawa jirani yake.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya J30, ngazi ya chini kabisa ya vijana katika Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ambapo bingwa huondoka na pointi 30. Mimi niliondoka raundi ya kwanza, 6-1, 6-2. Nilikaa na simu mkononi karibu saa nzima nikitafuta namna ya kuipamba ile 6-1. Haikupambika. Nikatuma kama ilivyo, nikaeleza kwamba servi yangu ya pili, ule mpira wa kuanzishia pointi unaopigwa ukikosea wa kwanza, ilinyanyaswa siku ile. Mzee akajibu: "Pole. Nyuzi zilitosha?" Mwenye duka la dawa hakujibu, lakini safari iliyofuata alichangia bila kuombwa.

Kwa makocha wa vyuo vya Marekani nilirudia kosa lilelile kwa njia nyingine. Mapema 2023 niliandikia makocha zaidi ya 40, nikiambatisha video ya dakika mbili yenye muziki, mipira ya ushindi mitupu. Waliojibu walinitumia fomu tu ya kujaza. Nikajua nimedharauliwa. Kumbe sheria za michezo ya vyuo huko, Divisheni ya Kwanza, haziwaruhusu kuzungumza na mchezaji wa tenisi kuhusu usajili kabla ya Juni 15 baada ya kumaliza darasa la 10. Miezi yote ile nilikuwa nanuna bure.

Juni ilipofika, kocha mmoja aliuliza mambo mawili: UTR yangu ni ngapi, na kama nina seti nzima isiyokatwa. "Nataka kuona unafanya nini baada ya kupoteza pointi," aliandika. UTR ni kipimo cha kiwango cha mchezaji wa tenisi, kinachoanzia 1 na kuishia 16.5, na hakijali jinsia wala umri, kinachotazamwa ni gemu ulizoshinda na dhidi ya nani. Basi nikaanza kuwatafuta wavulana walionizidi nicheze nao kwenye mashindano ambayo matokeo yake yanasajiliwa.

Video tulirekodi kwa simu niliyoifunga kwa kipande cha kanga juu kwenye wavu wa uzio, nyuma ya mstari wa mwisho, ili uwanja wote uonekane. Upepo wa baharini ulikuwa unaitikisa. Kijana muokota mipira nilimwomba ataje matokeo kwa sauti kila gemu, naye akaifanya kazi hiyo kama mtangazaji wa redio. Kwenye seti ile nilikosea servi zote mbili, nikapoteza pointi hivihivi, mara sita. Sikukata hata moja, na ndiyo video iliyonipatia majibu.

Katikati ya hayo kampuni moja ya kamari ilinitumia ujumbe: shilingi 15,000 kwa mwezi, kazi yangu kuweka tu kiungo chao kwenye ukurasa wangu. Kaka yangu aliona nimerukwa na akili kukataa. Lakini sheria za kupambana na ufisadi katika tenisi zinamfunga hata mchezaji wa J30, na kuitangaza kampuni ya kamari ya tenisi mtandaoni ni kosa. Nililijua hilo kwa sababu ya somo la mtandaoni ambalo wenzangu wengi walikuwa wakilibofyabofya liishe haraka. Hizo 15,000 ziliniuma, sitaki kudanganya.

Tangu Agosti 2025 niko kwenye chuo kidogo Kansas, udhamini wa sehemu tu, si wote. Ujumbe wa Jumapili bado natuma, siku hizi kwa watu 11. Wiki iliyopita nilifungwa na msichana wa mwaka wa kwanza, seti mbili kwa moja. Mzee wa Kongowea akawa wa kwanza kujibu: "Pole, mjukuu. Na huko nyuzi anakufungia nani?"