Asubuhi JWTZ ilipoingia Mutsamudu

Machi 2008 nilikuwa Mutsamudu, mji mkuu wa kisiwa cha Nzwani katika visiwa vya Komoro, ambacho ramani nyingi hukiandika Anjouan. Nilikwenda kumuuguza mama mdogo, aliyezaliwa Unguja kama mama yangu, akaolewa huko angali msichana. Alipopata nafuu, njia ya kurudi nyumbani ilikuwa imezibwa. Umoja wa Afrika uliwawekea vikwazo watawala wa kisiwa tangu Oktoba 2007, vyombo vya baharini vimekuwa vya kubahatisha, petroli inauzwa kwa chupa tena kwa kunong'onezana, na kila jioni watu wanajikusanya kwenye redio wasikie kama majeshi yaliyopiga kambi kisiwa cha jirani, Mwali, yameshapewa amri.

Aliyetakiwa aondoke alikuwa Kanali Mohamed Bacar. Alishika madaraka kwa nguvu mwaka 2001, mwaka uliofuata akawa rais wa kisiwa kwa kura, na muda wake ulipokwisha 2007 hakutaka kutoka. Serikali ya Muungano wa Komoro na Umoja wa Afrika walitaka uchaguzi wa Nzwani uahirishwe. Yeye akaufanya mwezi Juni, akajitangaza mshindi. Rais Ahmed Abdallah Sambi, naye mzaliwa wa Mutsamudu, akaomba msaada wa majeshi ya Afrika. Tanzania ikatoa askari wa jeshi lake, JWTZ, Sudan ikatoa askari, Libya na Senegal zikasaidia. Rais Kikwete ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika mwaka ule.

Lakini nikianzia kwa Bacar nitakuwa nimemdhulumu baba mdogo, mume wa mama mdogo. Hadithi ya Nzwani haikuanza na kanali.

Baba mdogo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka 1997 walimu na watumishi wa visiwa vyote walikuwa wamekaa miezi bila mishahara, na watu wa Nzwani waliona kwamba kila kitu kinaishia Ngazija, kisiwa chenye mji mkuu wa nchi, Moroni: bajeti, vyeo, hata dawa. Upande wa pili, kiasi cha kilomita sabini tu baharini, wanakiona kisiwa cha Mayotte kilichobaki chini ya Ufaransa, kina hospitali na mishahara inatoka. Tangu 1995 Ufaransa iliweka viza kati ya visiwa hivi, na watu waliozoea kwenda kuzika na kuozesha huko wakawa wanakufa maji kwenye mashua za kwasakwasa. Basi tarehe 3 Agosti 1997 Nzwani ikajitangaza kuwa imejitenga, na bendera zilizopandishwa zilikuwa za Ufaransa. Wakaomba warudi kuwa koloni. Ufaransa ikakataa. Moroni ikatuma askari mapema Septemba kuja kuwarudisha kwa bunduki, wakashindwa, na watu wakafa mitaani.

Najua wako wanaowacheka watu wa Nzwani kwa kuomba ukoloni. Mimi siwacheki. Baba mdogo alikuwa mmoja wa waliopandisha bendera ile, na aliponieleza sababu alinieleza habari za wanafunzi wake waliokaa mwaka bila masomo. Hakuwahi kuisifu Ufaransa hata kwa neno moja.

Wiki ile ilikuwa ya Mfungo Sita. Maulidi yalikuwa yakisomwa, ila watu wanatawanyika mapema. Usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 25 redio ilitufanya tuelewe kuwa jambo limekaribia. Mama mdogo alijaza maji kila chombo kilichokuwemo ndani, akavuta magodoro mpaka chumba cha kati kisicho na dirisha. Nyumba za mji mkongwe wa Mutsamudu zina kuta nene na vichochoro vyembamba, mtu wa Mji Mkongwe wa Unguja akitiwa humo gizani anaweza kudhani yuko kwao. Tulilala tumevaa nguo zetu.

Milio ilianza kabla ya alfajiri. Kwanza kwa mbali, upande wa bandarini, halafu mizito zaidi kutoka njia ya Wani, kwenye uwanja wa ndege. Mama mdogo alikuwa anasoma Yasini kwa sauti. Baba mdogo amekaa kitako, mgongo ukutani, hasemi. Mimi nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuipata tena, lakini chini ya hofu palikuwa na kitu kingine: nilijua kwamba kati ya watu wanaopiga bunduki zile wamo vijana wa kwetu, na nilikuwa nawaombea.

Kulipopambazuka milio ikapungua, ikawa ya moja moja. Tukasikia vigelegele. Nilifungua mlango, nikaona wanawake wamejitanda shiromani zao wanashuka mbio kuelekea barabara ya pwani. Nikawafuata. Barabarani wanapita askari wenye sare ninayoijua, wamelowa mpaka magotini, wamechoka, na watu wanawapigia makofi na kuwapa maji. Nikamsikia mmoja anamwambia mwenzake, "Angalia kushoto huko, dirishani." Nililia pale pale barabarani. Nilijivunia JWTZ siku ile na bado najivunia. Mapigano hayakuwa marefu, na mji haukuvunjwa.

Nilipokuwa narudi ndipo nilipokuta jambo ambalo silisahau. Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi askari wa Bacar na mkewe na watoto. Mume alishakimbia tangu usiku. Vijana wa mtaa wamejaa kichochoroni, wana fimbo na mapanga, wanataka mlango ufunguliwe. Wengine walikuwa na haki ya kuwa na hasira, maana walishapigwa na kufungwa na utawala ule, na mashirika ya haki za binadamu yaliandika habari za mateso Nzwani kabla ya siku ile. Lakini ndani palikuwa na mwanamke na watoto. Na mlangoni amesimama mama mdogo, mgonjwa aliyenyanyuka kitandani juzi, ameshika miimo miwili kwa mikono yake.

"Mwanangu, rudi," alimwambia aliyetangulia. "Mimi ndiye niliyemwogesha mama yako alipokuzaa. Rudi."

Hawakurudi, lakini hawakumgusa. Nilikimbia mpaka barabarani nikamfikia askari wa kwanza.

"Shikamoo afande. Naomba msaada, kuna mama na watoto wanataka kuumizwa."

Alinitazama. "Wewe wa wapi?"

"Unguja, Malindi."

Alimwita mwenzake wakanifuata. Walipofika kichochoroni hawakuinua bunduki. Yule mkubwa wao alisema kwa sauti ya kawaida tu, "Nyie vijana, nendeni nyumbani. Hapa hapana vita." Wengine wakaanza kuondoka, kisha wote. Alimwamkia mama mdogo, akamwomba maji ya kunywa, akasimama pale mpaka tulipowahamishia yule mama na wanawe kwetu.

Baba mdogo ndiye aliyewafungulia. Hakutoka siku nzima kushangilia, na majirani waliliona hilo. Usiku watu wakasema Bacar kakimbia, mara kajivika nguo za kike, mara yuko msituni. Baadaye ikajulikana alivuka kwa mashua mpaka Mayotte, akapelekwa Réunion, na Julai Benin ikampokea.

"Hawa askari wenu watakaa mpaka lini?" baba mdogo aliniuliza tukila.

Nikamwambia sijui, labda mpaka uchaguzi.

"Wamefanya vizuri. Yule hakuwa mtu wa kututawala, na mimi sikumpandishia bendera yeye." Akanyamaza kidogo. "Lakini kesho shule zikifunguliwa, mwalimu atalipwa na nani? Hilo ndilo tulilouliza mwaka ule. Wametujibu kwa majeshi mara mbili."

Sikuwa na la kumjibu. Mimi natoka kwenye muungano pia, na najua jinsi swali la namna hiyo linavyokaa moyoni mwa watu wa visiwani wakati wakubwa wanadhani limekwisha. Naamini operesheni ile ilikuwa ya haki. Naamini vilevile kwamba kujitenga kwa Nzwani kulikuwa na sababu ambazo Bacar alizikuta, akazipanda kama ngazi, na kuondoka kwake hakukuzifuta.

Vyombo vilipoanza tena kutembea nilivuka mpaka Moroni, kisha Dar es Salaam. Mwezi Juni kisiwa kilipiga kura, Moussa Toybou akashinda. Mama mdogo alinipigia simu siku ya kura. Alisema baba mdogo alitoka mapema akapanga foleni na wenzake, na yule mama wa nyumba ya tatu alikuwa nyuma yao na wanawe. Nikamuuliza kuhusu malimbikizo ya mshahara wa mwaka ule wa 1997. Akasema bado wanadai.